Shangazi, pini nyekundu na ramani ya boksi la sabuni

Wiki hii habari za nani kamwaga nani naziweka kiporo, wala hazitachacha. Twendeni Buigiri. Unapanda gari hapa Dodoma mjini, unashika barabara ya Morogoro, unaipita Ihumwa, unaipita Mtumba kwenye Mji wa Serikali, unaipita Chamwino yenye Ikulu yake, kabla hujamaliza karanga zako umeshafika. Kilometa 30 na ushee tu. Nina shangazi pale, na nina kisa.

Kisa chenyewe kilianzia kijiweni. Kuna jamaa yetu anauza vocha, na siku hizi kama mnavyojua, anayeuza vocha anauza na viwanja. Basi akanivuta pembeni, akanionyesha kwenye simu yake mchoro uliolazwa juu ya picha ya setilaiti. Vijumba vya mstatili vimepangwa kama trei ya mayai, kila kimoja na namba yake, barabara zimenyooka kama zimepigwa pasi. "Kaka, chukua kimoja mapema," ananiambia, "Buigiri hiyo ndiyo Mbezi ya kesho."

Nikaangalia. Nikasogeza simu karibu. Moyo ukapiga pa! Lile bati lenye kutu nalijua. Lile zizi la duara nalijua. Chini ya namba za yule bwana kulikuwa na shamba la shangazi yangu, limekatwa viwanja vinne, na kipande cha tano kimeandikwa "eneo la wazi".

Nikampigia hapohapo.

"Shangazi, shikamoo. Umeuza shamba?"

"Marahaba. Nimuuzie nani? Na mtama nitalima kichwani kwako?"

Aliyechora simtaji, na hata ningetaka nisingeweza, maana mchoro ule haukuwa na jina wala muhuri. Jamaa wa vocha alisema ameupata kwenye gurupu la simu, na aliyeutuma naye aliupata kwenye gurupu jingine. Huenda ni usanii mtupu. Huenda kuna mtu mahali fulani kakalia kiti na kompyuta anapanga kwa dhati. Ila iwe usanii iwe kweli, mwenye shamba hakuwa ameulizwa hata swali moja, na kijana wa kijiweni alikuwa anajua mustakabali wa Buigiri kuliko mwanamke anayelala Buigiri.

Msije mkadhani ni jambo geni huku kwetu. Dodoma ni mji uliochorwa kabla ya kujengwa. TANU iliamua Oktoba 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, ikaundwa CDA, na mwaka 1976 mpango kabambe ukawa tayari, umechorwa na wataalamu wa kampuni ya Project Planning Associates kutoka Toronto, Kanada. Mpango wenyewe haukuwa mbaya, tuseme kweli. Walitaka mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda basi, si mji wa maghorofa na foleni. Lakini kati ya mchoro na mkulima wa Kigogo kulikuwa na ukimya mrefu, na malalamiko ya ardhi yakarundikana miaka na miaka mpaka 15 Mei 2017, Rais Magufuli alipoivunja CDA na kazi zake zikaenda kwa manispaa. Mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji.

Na jiji linanenepa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179. Buigiri haimo ndani ya jiji, iko Wilaya ya Chamwino, lakini bei ya viwanja haisomi kibao cha mpaka. Inafuata lami tu.

Basi Jumamosi nikamchukua mdogo wangu, binti wa baba mdogo, anayesomea mipango miji. Huyu ni mtoto wa kisasa, simu yake ina kioo kama cha saluni. Njiani akanipa somo. Kumbe siku hizi wapangaji wa miji wana mtindo mpya: badala ya kuwaita watu ukumbini wasikilize hotuba, wapige makofi, wanywe soda waende, wanaweka ramani ya eneo kwenye simu. Unaona mtaa wako kutoka juu. Panapokufurahisha unabonyeza, inachomoza pini ya kijani. Panapokukera unabonyeza, pini nyekundu, kisha unaandika au unasema kwa sauti sababu yake. Pini za watu wote zinajikusanya pamoja. Mpangaji akiona wekundu umerundikana mahali pamoja anajua hapo pana jambo.

Nikamwambia hiyo ni michezo ya Ulaya. Akanikatisha palepale. Akasema Kibera, Nairobi, vijana wa mtaani wenyewe waliingia vichochoroni mwaka 2009 na vifaa vya kupimia mahali, wakaiweka Kibera kwenye ramani huria ya dunia, wakati kabla yao pale ramani ilikuwa karibu tupu. Na hapohapo Kibera, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa likatumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft, ule wa watoto kujenga kwa matofali, watu wakajenga uwanja wao wa Silanga wanavyoutaka kabla fundi hajashika koleo. Mchezo wa watoto! Mimi niliyezoea kuwafukuza wapwa zangu kwenye simu nikanyamaza.

Na Bongo je? Dar es Salaam kuna Ramani Huria, iliyoanza 2015, ingawa Tandale walishatangulia kuchora mtaa wao mwaka 2011. Wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walitembea mtaa kwa mtaa na simu, droni ikipiga picha juu, wao chini wakiandika mifereji, vichochoro, vyoo, na mahali maji yanapofika mvua ikinyesha. Mpaka wajumbe wakatafutwa kuulizwa shina lao linaanzia wapi na kuishia wapi, jambo ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote isipokuwa kichwani kwa mjumbe. Iringa vijijini nako, kuanzia 2014, vijana wa vijiji kama Ilalasimba walifundishwa kutumia simu kupima mashamba. Wanatembea mpaka na mwenye shamba na majirani zake, matokeo yanabandikwa hadharani, mwenye ubishi anabisha, ndipo hatimiliki ya kimila inatoka. Mdogo wangu anasema pale ndipo wanawake wengi waliona majina yao kwenye karatasi ya ardhi kwa mara ya kwanza.

"Sasa mbona Buigiri hawajaja?" nikauliza.

"Ndiyo tunaenda, kaka," akajibu. Jeuri huyo.

Tukafika. Mbukwenyi, mbukwenyi, maji ya kunywa, ugali wa uwele na mlenda, habari za mjini. Baada ya kula, simu ikawekwa juu ya kigoda.

"Hii ni nini?" shangazi akauliza.

"Hii ni Buigiri, shangazi. Imepigwa kutoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa, angani."

"Mimi mbinguni bado sijafika, mama. Nionyeshe niliposimama."

Hapo teknolojia ikakwama, wanangu. Mdogo wangu akaanza kueleza kaskazini na kusini, shangazi akaigeuza simu, akageuza na shingo, akaona mabaka ya kahawia na mabaka ya kijivu, basi. Na si kwamba haijui Buigiri. Huyu mama akiamka usiku wa manane anaweza kwenda kisimani na kurudi bila tochi. Ila anaijua kutokea chini, kwa njia na kwa miti. Kumwonyesha kijiji chake kutoka setilaiti ni kama kukuonyesha wewe picha ya utosi wa mama yako halafu uulizwe ni nani.

Aliyeokoa jahazi ni mbuyu. Shangazi aliuliza tu, "Mbuyu wangu uko wapi?" Tukatafuta kivuli. Kikaonekana, doa jeusi dogo kama kunguni. Na lo! Kile kidole kilichokuwa kinaogopa kugusa kioo kikatua juu ya mbuyu na hakikuondoka tena. Kutoka mbuyuni akafuata njia ya kisimani. Kutoka kisimani akafuata wanapopita ng'ombe. Akaonyesha anapouzia mtama, anapopumzika akitoka kanisani, nyumba ya jirani anayekopesha chumvi bila kusema. Kwa nusu saa tulikuwa na pini 23, na mimi niliyekuja kutafsiri nikabaki kushika chaja.

Halafu mdogo wangu akafanya kosa, au akafanya la maana, mtaamua wenyewe. Akafungua ule mchoro wa kijiweni pembeni ya pini. Akasoma namba za viwanja. Akasoma "eneo la wazi".

"Wazi kwa nani?" shangazi akasema polepole. "Babu yenu kalala pale."

Hakuna aliyejibu. Nililijua lile kaburi toka utoto, mawe manne na mti wa mnyaa, na mimi mwenyewe kwenye ile simu ya kijiweni sikuwa nimeliona. Pini ya 24 ilikuwa nyekundu. Alibonyeza mwenyewe.

Ngoja niseme jambo moja la sheria, msilale. Ardhi ya shangazi haina karatasi, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua haki ya kimila hata kama haijaandikwa popote. Kijijini, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, si wa wazee watatu na mtendaji. Na eneo likitaka kuingizwa kwenye mipango miji, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka watu watangaziwe nia hiyo na wadau wasikilizwe. Kwa hiyo kuulizwa si hisani ya mwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba tangazo linabandikwa ubaoni, mkutano unafanyika siku ya kazi, na mchoro unaoletwa ni wa kitaalamu kiasi kwamba watu wanaogopa kuonekana washamba wakisema hawauelewi. Wanatingisha kichwa. Mahudhurio yanaandikwa. Wameshirikishwa.

Tukarudi kwenye pini zetu tukijiona tumemaliza. Kumbe hatukuwa peke yetu. Kwenye kivuli cha nyumba alikuwa amekaa jirani wa shangazi, mzee wa makamo, haoni tangu utotoni. Buigiri, kwa msiojua, ina shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na yeye alisoma palepale, anasoma maandishi ya nukta nundu kwa vidole kama wewe unavyosoma ukurasa huu, tena bila miwani. Alikuwa kimya muda wote. Sasa akakohoa.

"Nasikia kila mtu anabonyeza. Mimi nibonyeze wapi?"

Mdogo wangu akachangamka. Simu yake ina sauti ya kuwasomea wasioona, kwa hiyo akaiwasha kwa mbwembwe zote, akaweka kidole cha mzee juu ya kioo. Simu ikasema: "Ramani. Picha." Ikanyamaza.

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe hata yenyewe haioni!"

Nyie, niliona aibu ambayo haikuwa yangu. Sauti ya simu inasoma maneno, na ramani si maneno. Programu nzuri, ya bei, ya kisasa, inayouliza kila mtu maoni yake, imefika mahali penye shule ya wasioona na haina la kumuuliza asiyeona. Bado sijataja wenye kiswaswadu, ambao kwao pini ni ya kufungia nepi. Bado sijataja bando.

Lakini huyu binti wa baba mdogo hashindwi kirahisi. Akakumbuka kitu cha darasani. Mwaka 2006, Nessuit nchini Kenya, Waogiek wa msitu wa Mau walitengeneza ramani ya nchi yao ya kushika kwa mkono: tabaka za makaratasi zimebandikwa moja juu ya nyingine mpaka milima ikasimama, kisha rangi, uzi na pini. Wazee walizunguka meza wakitaja mito na mabonde ya koo zao, vijana wakiandika. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kaskazini. Nchi za wenzetu, akasema, kuna hata karatasi maalumu ambayo ukiichora kwa wino mweusi na kuipitisha kwenye joto, mistari inavimba, asiyeona anaifuata kwa kidole.

"Sisi karatasi hiyo hatuna," nikasema.

"Tuna boksi," akasema shangazi, ambaye nilidhani kalala.

Boksi la sabuni likapasuliwa, likalazwa chini. Gundi ni uji wa unga wa ngano. Mdogo wangu akapiga mistari ya miraba kwenye simu na kwenye boksi ili vipimo visipishane, tukaanza. Barabara kuu ikawa uzi wa kushonea magunia, mara mbili. Nyumba zikawa visoda. Njia za miguu tukazipanga kwa punje za mtama, shangazi akinung'unika kwamba njaa ya mwakani imeanzia hapa. Mbuyu ukawa mbegu ya ubuyu. Korongo tukalikata kwa kisu, tukatoa ganda la juu la boksi, likawa mfereji. Mawe manne ya babu yakawa vijiwe vinne kweli, shangazi alikwenda kuviokota mwenyewe. Mwisho, kwa njiti za kiberiti, tukaweka vile viwanja vya kijiweni mahali vilipochorwa.

Mzee akavuta kigoda. Akafuta mikono kwenye suruali, akaiweka yote miwili juu ya boksi, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto.

"Hii barabara. Huku Dodoma, huku Morogoro. Hapa kwa mwenye mashine. Hapa mbuyu." Akaenda kwa kasi kuliko shangazi alivyokwenda na simu. Akasahihisha kisoda kimoja, akasema nyumba hiyo imeshahamwa. Kisha kidole kikaingia kwenye korongo, kikalifuata, kikasimama.

"Korongo lenu mmelimaliza hapa?"

"Ndivyo picha inavyoonyesha, mzee," mdogo wangu akasema. "Baada ya hapo ni shamba."

"Picha imepigwa lini?"

Akaangalia. Mwezi wa tisa. Kiangazi.

"Basi mpigaji hakusikia," mzee akasema. "Masika halikomi hapo. Linavuka shamba hili, linapita nyuma ya mbuyu, linakwenda kutokea barabarani. Watu wamelilima kwa sababu miezi minane ni kavu. Lakini mimi njia yangu ya kwenda barabarani naibadilisha kila Januari. Nyie mnaona udongo, mimi nasikia maji."

Akachukua kisu. Tukamshikia boksi. Akakata mwenyewe mpaka barabarani, na mfereji ule ukapita katikati ya njiti za viwanja viwili. Kimoja ni kile nilichoambiwa nichukue mapema.

Mdogo wangu alikaa kimya kidogo, halafu akasema maneno ambayo nayakumbuka: kwamba Tandale na kwingine Dar watu walichora mifereji kwa sababu mafuriko yalishawapiga, ya Desemba 2011 yaliua watu. Hapa maji bado hayajamkuta mtu, kwa sababu bado hakuna aliyejenga. Akaongeza pini ya 25 kwenye simu, akaandika aliyoyasema mzee neno kwa neno.

Tukagombana kidogo kuhusu kitu kimoja. Programu ile, usipobadilisha chochote, inaonyesha pini zako kwa kila mtu. Mimi nikasema vizuri, wote waone. Yeye akasema kaka, fikiri: umeshamwambia kila dalali wa Dodoma mahali ambapo mama mjane analima bila karatasi, kaburi liko wapi, kisima kiko wapi. Akazifunga. Zitafunguliwa watu wakishakubaliana mkutanoni nini kionekane na nini kibaki chao. Sikuwa na jibu. Na tukakubaliana jambo jingine, kwamba kuuliza ni rahisi. Kazi ni kumpata mtu mwenye kalamu atakayekubali kuusogeza mstari wake kwa sababu mzee wa Buigiri kasikia maji. Pini zinaweza kujaa mpaka simu ikazima na mstari usisogee hata unywele.

Shangazi keshaamua. Mkutano ukiitishwa boksi linakwenda, amelitafutia na kanga ya kulifunikia vumbi lisiingie kwenye gundi. Jamaa wa vocha alinipigia nikiwa bado nangojea gari barabarani, anauliza kama nimeamua. Nikamwambia kiwanja chake cha pili kutoka kona kina mto. Akasema nimeanza uswahili.

Jioni ile, wakati tunaaga, mdogo wangu alitaka kuliingiza boksi ndani kwa shangazi lilale salama. Mzee akaweka mkono juu yake.

"Liacheni kwangu leo. Sijamaliza kulisoma."

"Mzee, giza limeingia," nikasema mimi, kwa kutofikiri.

"Ndiyo maana," akasema. "Nyie mngehitaji taa."